Robo ya Juu, Upande wa Nje

Mdogo wangu alinidunga sindano ya kwinini mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, kwamba hapadungwi. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki moja ya Kaloleni, hapa Voi, malaria imenipanda kichwani, na bado nilijua. Nilisikia pamba ya spiriti ikipita chini, karibu na katikati. Nikasema, "Si hapo. Juu, upande wa nje."

Akasema, "Dada, humu ndani daktari ni mimi. Tulia."

Mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi na mtoto wake akacheka. Kisha sindano ikaingia, na moto ukashuka kutoka takoni hadi kidole gumba cha mguu kama waya wa stima uliokatika. Nilipoteremka kitandani, mguu wa kulia haukujua kama nimeteremka. Nilianguka pale pale, miguuni pa mama yule, na hakucheka tena. Malaria ilikwisha baada ya wiki moja. Unyayo umelegea mpaka leo, naukokota, na viatu vyangu vya kulia huisha mbele kabla ya vya kushoto.

Wengi wanaponiona huuliza kama ni polio. Ndiyo maana naandika.

Kwa mama yetu tulizaliwa wasichana wawili, juu milimani, mimi wa kwanza. Mimi nilitolewa shule darasa la saba kabla ya mtihani, ili mwenzangu aendelee, naye akaendelea mpaka fomu foo. Cheti chake kikafungiwa ndani ya sanduku la mama, mwenyewe akateremka Voi kukaa kwangu na kungoja kazi. Alingoja miaka mitatu. Alingoja akiwa amejilaza kitandani kwangu, na mimi nikiamka alfajiri kwenda kufagia zahanati ya shamba la mkonge nje ya mji.

Ile kazi niliipenda, sitaficha. Wakataji mkonge walikuja na mikono iliyochanika na macho yaliyochomwa na ncha za majani. Mimi nilipangusa sakafu, nikafua bendeji, nikachemsha sindano, maana miaka ile ya mwanzo wa tisini kwetu zilikuwa bado zinachemshwa. Nesi aliyesimamia zahanati, mama wa kutoka magharibi mwa Kenya, aliona ninavyotazama. Siku moja mgonjwa alikuwa anatapatapa, nesi mikono imejaa, akaniambia nishike mguu nifunge kidonda. Nikafunga. Akakigeuzageuza kile kifundo cha bendeji, akasema mkono wangu ni mwepesi na ni hasara kuuacha kwenye ufagio.

Ni yeye aliyeleta gazeti lenye tangazo. Kulikuwa na chuo Nairobi kilichofundisha watu kuwa wasaidizi wa matibabu kwa njia ya posta. Leo vijana husomea kwenye simu, wakitazama video wakiwa wamekaa kitandani. Sisi darasa lilikuja kwa bahasha ya khaki. Unasoma, unajibu maswali, unayarudisha, nao wanakusahihishia na kukutumia somo lingine. Masomo ishirini na nne, kisha nesi au daktari anatia sahihi kwamba umefanya kwa vitendo, kisha cheti. Lakini walitaka mtu wa fomu foo.

Nilipanda kwa mama kumweleza. Alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua kichwa. Aliniambia, "Si kuna cheti cha mwenzako? Kiko sandukuni kinaliwa na mende. Tumia."

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa namna yetu. Nyumbani kwetu kitu cha nyumba ni cha wote. Jembe moja, blanketi moja, koti moja la mvua linalovaliwa na yeyote anayetoka. Tulidhani cheti nacho kiko hivyo. Mdogo wangu alikubali huku akicheka, akasema nisome mpaka nichoke, yeye jina halimpungui.

Chuo kilitaka picha mbili. Kwa kuwa jina ni lake, picha ikawa yake. Mimi ndiye niliyemchana nywele kwenye ile studio ya karibu na stesheni, nikamvisha blauzi yangu ya kanisani, ile ya kola. Ilimkaa kuliko ilivyonikaa mimi. Mpiga picha alimsifu. Nilisimama kando nimeshika sweta lake.

Sanduku la posta hatukuwa nalo. Tulitumia la mwenye duka wa mtaani, mzee wa Kiswahili kutoka pwani, mstaarabu, aliyeweka barua za nusu ya mtaa chini ya ratili yake ya kupimia sukari. Kila bahasha ilipofika nilienda nayo zahanati, nikaisoma saa ya chakula nyuma ya chumba cha dawa, na kamusi pajani, kwa sababu masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza na mimi Kiingereza changu kiliishia darasa la saba. Somo moja lilinichukua mwezi. Majibu niliyaandika kwanza kwa penseli, kisha kwa kalamu.

Somo la tisa lilikuwa la sindano. Unaligawa tako sehemu nne, kama mtu anayechora msalaba. Unadunga robo ya juu, upande wa nje. Robo ya chini, upande wa ndani, kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na ukiugusa umemlemaza mtu. Niliandika hivyo. Likarudi na alama ya vema ya kalamu nyekundu. Nesi alininunulia mapapai mabichi, akanichorea msalaba kwa mkaa, nikadunga maji mpaka mkono ukazoea.

Papai moja nilikwenda nalo nyumbani kufanyia mazoezi. Nikalikuta limeliwa. Mdogo wangu akaniambia lilikuwa na majimaji mno, akauliza wagonjwa wangu wengine wako wapi. Mbele ya wenzake aliniita daktari wa posta. Walipokuja kusukana pale mlangoni alikuwa akisema, mwoneni daktari wa posta anakwenda kufagia. Nilicheka nao. Sikuwahi kumwomba anyamaze, na katika miaka ile miwili na nusu hakuwahi kufungua bahasha hata moja kutazama kilichomo.

Isipokuwa ya mwisho.

Nilipomaliza masomo na nesi kutia sahihi, nilikwenda dukani kuulizia cheti kwa muda wa wiki nyingi, mpaka mzee akanionea huruma. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, bahasha ilifika juzi. Ina jina la mwenzio, naye kaja mwenyewe kuichukua. Mimi sina haki ya kumnyima mtu barua yake."

Nilimkuta mdogo wangu nyumbani ameshakitia kwenye fremu. Nilimwambia anipe. Hakupandisha sauti. Alinijibu, "Ungekipeleka wapi, dada? Wakitazama jina, wakitazama picha, ungewaambia wewe ni nani?"

Nesi alikuwa ameniahidi kunipandisha kazi pale zahanati, lakini ofisi ya shamba ilinijua kwa jina langu na kwa ufagio wangu. Nilikuwa nimesoma miaka miwili na nusu bila kujiuliza hilo, na yeye aliyekuwa amelala kitandani alijiuliza.

Ndani ya mwezi mmoja aliajiriwa kwenye ile kliniki ya Kaloleni. Mwenye kliniki, mstaafu wa serikali, hakumuuliza swali hata moja la kazi. Alitazama fremu, akamtazama yeye, akampa koti.

Lile koti. Lilikuwa jeupe, lina mfuko kifuani na kalamu mbili. Nitasema wazi kwamba nilibadilisha njia ya kwenda kazini ili nipite pale na kuliona, na nikiliona nilikosa hamu ya kula. Kile kipimo cha kusikilizia moyo alikining'iniza shingoni hata akienda kununua sukuma. Wanawake walimletea mayai. Kanisani kwetu milimani waliketishwa mbele, yeye na mama, na mama akaanza kuitwa Mama Daktari. Miaka yote niliyomtunza, hakuna aliyewahi kumwita Mama Mfagiaji. Nilimwona mdogo wangu akifunga bendeji mlangoni, inalegea, naye anasifiwa. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Nilimwombea aanguke. Nilipiga magoti kabisa nikaomba.

Basi ukaja mwaka wa mvua kubwa. Barabara ya kwenda shambani ilikatika, mbu wakajaa, nikaugua nisiweze kusimama, na majirani wakanibeba mpaka kliniki iliyokuwa karibu. Mwenye kliniki alikuwa amekwama Mombasa. Ndani alikuwa yeye peke yake. Yaliyofuata nimeshayasema.

Wanaojua nilivyomwonea kijicho husema mguu ni malipo ya ile sala. Labda. Lakini Mungu hakushika sindano.

Nilipoweza kutembea na fimbo nilipanda milimani tukae chini, sisi watatu. Mdogo wangu alisema nilitikisika sindano ilipokuwa inaingia. Sikutikisika. Nilisema nitakwenda kwa chifu. Ndipo mama akasema neno lililonifunga mdomo miaka yote hii: "Ukimshtaki, sema pia nani alijaza zile fomu kwa jina lisilo lake. Mtafungwa wote, na mimi nitabaki na nani?" Mdogo wangu akainama akamfunga mama kanga iliyomlegea begani. Nikateremka peke yangu, nikikokota mguu kwenye mawe.

Mama hayupo tena, kwa hiyo nimefunguliwa. Nasema yeye ndiye aliyetutuma kwenye uongo na ndiye aliyeufunika. Nesi alitia sahihi akijua uso si huo, ingawa alinitendea wema. Mwenye kliniki alimpa mtu sindano kwa kutazama fremu. Na mimi nilijaza fomu, najitaja. Mwenye duka simlaumu.

Lakini mwenye kujibu ni wewe, mdogo wangu. Nasikia uko Bomeni, una duka lako la dawa, na bado unadunga watu. Najua wanaosoma haya wengine watakufikishia. Sitaki pole, na mguu siudai, maana huwezi kuurudisha. Nataka jibu moja, ulitoe mbele ya watu wa kwetu na mbele ya wagonjwa wako. Siku ile, ulijua pa kudunga au hukujua?

Kama hukujua, shusha hicho cheti ukutani leo, useme aliyekisomea ni nani. Kama ulijua, basi niambie nilikukosea nini.

Chagua moja. Usiniambie tena kwamba nilitikisika.