Chupa Ambayo Astère Hakuikwepa

Mtaa mzima wa Kamenge walimuita Muingereza, ingawa Kingereza chake Astère alikiokota Kampala, akisukuma toroli sokoni. Alirudi na gitaa la umeme na nyimbo za roki alizotunga mwenyewe, za kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Walevi wa kabare, vile vilabu vya pombe alikoimba, hawakuzitaka.

"We Muingereza, imba kitu tusikie!"

Halafu chupa zinaruka. Akazoea kuimba huku anakwepa. Kovu la nyusi, kovu la kidevu, kila moja lilikuwa na kabare yake.

Mpaka siku ile kwenye kabare moja ya mtaa wa Ngagara. Mlevi mmoja akarusha chupa ya bia, Astère akainama kama kawaida. Nyuma yake kwenye ngoma alikaa Régis, rafiki yake. Chupa ikampasukia shingoni. Régis akafa ameangukia ngoma zake, vijiti vingali mkononi.

Mwaka ulipotimia, familia ikaandaa kuganduka, siku ya kuondoa kilio, muziki urudi nyumbani. Mama yake Régis, Adélaïde, akamwita Astère aje aimbe wimbo ambao mwanawe aliupenda. Armel, mdogo wake marehemu, akamkaba kola mlangoni.

"Ile chupa ilikuwa yako. Ukiimba hapa, nakupasua."

"Mi nitaimba, Armel. Mama ameniita."

"Basi ukwepe tena, mwanaume!"

Mzee wa familia akatamka kwamba kilio kimekwisha. Astère akapiga gitaa. Nyuma yake, pale ambapo ngoma zingekaa, Mama Adélaïde alikuwa kwenye kiti, amevaa nguo nyeupe.

Ubeti wa kwanza haukuisha. Aliiona chupa ikitoka mkononi mwa Armel, ikizunguka hewani. Mwili wote ulitaka kuinama. Akakaza magoti.

Ikampasua mdomo. Meno mawili yakadondoka, damu ikaruka mpaka kwenye nguo nyeupe. Armel alikuwa ameshainua chupa ya pili. Hapo ndipo akaona ni nani aliyekaa nyuma ya Astère.

"Mama…"

"Kaa chini, Armel. Na we, mwanangu, maliza."

Astère akamaliza. Maneno hayakutoka, ilitoka sauti tu, na damu. Armel akaiweka chupa chini polepole, kama mutu anayeweka yai.

Bado anaimba Kamenge, Kingereza kikipita kwenye pengo. Ila siku hizi husimama mgongo ukiwa ukutani, asikae mutu nyuma yake.