Mtungi wa Majani wa Mama Mkwe

Baba ya mtoto wangu alihamia Tuala kwa mwanamke mwingine wakati msichana wetu alikuwa bado ananyonya. Hilo nimelisema na nimelimaliza, maana nikiendelea nitavunja kitu. Haya ninayoandika ni ya mama yake, na ya mtungi wake wa kuwekea majani ya chai, ambao sasa uko juu ya kabati yangu hapa Noonkopir, mahali mtoto hafikii.

Ni mtungi mdogo wa udongo, mnene tumboni, weupe wake umezeeka ukawa rangi ya mtindi. Mtu aliuchora kwa mkono zamani sana, sijui wapi: maua ya buluu kuzunguka shingo, na chini yake ndege mwekundu mwenye mguu mmoja. Labda rangi ilimwishia. Labda aliitwa akale, akasahau. Kifuniko chake cha kwanza kilivunjika zamani. Hiki cha sasa ni cha ngozi, kimeshonwa shanga na jirani mmoja Mmaasai, vile wao hufunika vibuyu vya maziwa.

Mama mkwe alipewa huo mtungi Bisil. Alifika huko kutoka mkoa wa Central akiwa ameolewa juzi tu, akiuza viazi siku za soko la mifugo, hajui mtu. Mama mmoja Msomali mwenye duka alikuwa akimwita ndani asubuhi anywe chai kabla ya kupanga viazi. Huyo mama alipohama, alimwachia mtungi. Ndani ni udongo mtupu, haukupakwa kitu, na mpaka leo ukifungua unasikia harufu ya iliki, ingawa mama mkwe hajawahi kutia iliki kwa chai yake. Anasema iliki ni ya watu wa kikohozi.

Na mtungi ulikuwa na sheria. Nyumbani kwake Kajiado mtu yeyote angeweza kuwasha moto, kukoroga, kumimina. Lakini kutia majani, hapana. Majani hutiwa na mwenye nyumba. Wasichana wake walilelewa hivyo. Hata wakiwa watu wazima wenye kazi zao, maziwa yakianza kupanda walipiga kelele, "Mum, majani!" naye akatoka alikokuwa, hata bafuni, akaja kutia. Nilipoolewa niliona ni uchoyo tu. Nilisema moyoni, huyu mama anatuhesabia majani.

Sasa, Jumapili moja hao wasichana wake wawili walikuja kwangu wakitoka kanisani. Walifungua geti wenyewe.

"Tumekuja kwa amani," mkubwa akasema, akiangalia sofa zangu kama mtu wa kuhamisha vitu.

"Amani hubisha hodi," nikamwambia.

"Wacha mdomo. Kaka yetu anataka nyumba yake. Wewe bado ni msichana, rudi kwenu, utapata mwingine."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wetu. Ukimwacha hatalala njaa."

Nilikuwa na sufuria ya maziwa kwa gesi. Nakwambia ukweli, nilipima kwa macho umbali wa kutoka ile sufuria mpaka kwa nywele yake mpya. Sikuwa na mahali pa kwenda. Kwetu nyumba ni ya ndugu yangu na mke wake, na mimi nikiwa na mtoto mgongoni ningekuwa mzigo siku ya kwanza. Hii nyumba iko kwa ploti ya mama mkwe, yeye ndiye aliijenga, na neno lake pekee ndilo lingenibakisha au kunitoa. Na yeye ni mama yao, si wangu.

Basi nikasikia mlangoni, "Takwenya!" Mama mkwe amekaa na Wamaasai mpaka hiyo ndiyo salamu yake. Wasichana wake walikaa wima. Mimi nikajibu, "Iko," vile Wamaasai hujibu.

Aliingia na mzigo umefungwa kwa leso, ameukumbatia kama mtoto. Hakuuliza ni mkutano wa nini. Inaonekana alijua.

"Hii nyumba hakuna chai?"

"Iko kwa moto, Mum."

Akafungua leso. Mdogo akashika mdomo. "Mum! Umetoa hiyo kitu Kajiado na bado uko mzima?"

"Nitoe nikiwa nimekufa? Nani ataniambia asante?"

Akaninyooshea mtungi. Nami, mjinga mwenye adabu, nikafikiri kitu cha heshima namna hii lazima kipitie kwa mkubwa. Nikaushika kwa mikono miwili, nikageuka kumpa wifi mkubwa. Naye alikuwa tayari amenyoosha mkono! Mama mkwe alinichapa kifundo cha mkono, paa.

"Nimepatia nani? Maziwa inamwagika. Weka majani."

Nikatia. Kwa kuharakisha nikatia mengi mno. Ile chai ilitoka kali, ulimi ukakauka. Hakuna aliyelalamika.

"Mum," mkubwa akasema baadaye, kwa sauti ndogo, "na kaka?"

"Kaka yako ako na chai Tuala."

Mdogo alicheka, akajifanya amekohoa. Walimaliza vikombe vyao, na wakitoka mkubwa aliniomba ruhusa ya kuosha sufuria. Nilimruhusu.

Mama mkwe nilimsindikiza mpaka barabarani. Mimi si mtu wa maneno matamu. Nilisema asante, mara moja.

"Asante nimeisikia," akasema. "Sasa weka hiyo kitu juu, mtoto asifikie."

Hasira yangu ipo. Naamka nayo, nafua nayo. Lakini kila asubuhi nikifungua kile kifuniko cha shanga, iliki ya mama nisiyemjua inanipata puani, na kwa dakika hiyo nashukuru tu.

Majuzi baba ya mtoto alikuja kumwona binti yake. Nikampikia chai, mtoto akiangalia. Alionja, akakunja uso.

"Hii ni maji. Ongeza majani."

Halafu akauona mtungi juu ya kabati, ndege wake na mguu wake mmoja. Alilelewa nyumba ile, hakuhitaji kuambiwa nani hutia majani. Akanywa.