Ng'ombe Waliomezwa na Ritifaa

Ukungu bado umeifunika milima ya Uluguru. Huku chini, mtaani Mafiga, Editha Kasimiri anaandika neno moja kwenye kompyuta: ng'ombe. Mashine inajibu: herufi saba, pamoja na kialama chake cha juu. Analipima tena kwa njia ya pili. Tisa.

“Ndiyo hiyo,” anasema, akiinamisha uso. Fundi mwingine angeruka kwa furaha. Yeye amelinasa kosa lililofichika msimu mzima, na hana hamu hata ya chai.

Editha hutengeneza programu. Kampuni inayosambaza chanjo ya mifugo ilimpa kazi ya mfumo: karani anaingiza kwa simu aina ya mnyama na idadi, mfumo unapanga dozi. Mbuzi wakahesabika vizuri. Ng'ombe wakapungua. Mzee Castory wa Gairo, mwenye ng'ombe mia moja na arobaini, akaonekana hana hata mmoja.

Lawama zikamwangukia karani, Shakila Ahmadi. Wafugaji walidai ameuza dozi zao, wakamzomea mnadani. Editha alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho kwamba mfumo hauna shida, aangaliwe anayeingiza. Shakila akaachishwa kazi.

“Niliujaribu kwa mbuzi tu,” anasema Editha. “Mbuzi ni rahisi kuandika. Mimi, mtoto wa mfugaji, nikasahau kwamba ng'ombe ana ritifaa, ule mkato wa juu baada ya ng.”

Alama hiyo ndogo, jinsi simu ya Shakila inavyoiandika, huchukua nafasi tatu ndani ya kompyuta, ilhali kila herufi huchukua moja. Kipimo cha urefu kinalijua hilo, huihesabu moja. Ila Editha alikitia ndani ya kanuni inayopokea kitu cha aina yoyote, neno au namba. Hapo kompaila, programu inayotafsiri maandishi yake kwa lugha ya mashine, ikachagua kipimo kingine kisichofaa maneno, ikahesabu nafasi badala ya herufi. Neno likazidi kwa mbili, likameza tarakimu mbili zilizolifuata. Katika 140, ikabaki sifuri.

Basi kosa ni la kompaila, anaambiwa na mwandishi anayemhoji. Anatikisa kichwa.

“Kompaila haikumtaja Shakila. Nilimtaja mimi. Naona aibu, kaka yangu.”

Kufikia jioni, watengenezaji wa kompaila wameshaarifiwa, na kanuni ile ameiondoa. Alimpigia Shakila simu, akamweleza yote. Shakila alisikiliza hadi mwisho.

“Mfumo mmeurekebisha, dada. Na mimi je?”

Kampuni inasema italifikiria suala la kumrudisha kazini. Editha hasubiri. Siku ya mnada atakwenda Gairo, aombe kipaza sauti wafugaji wakiwepo.

“Nitamwamkia Mzee Castory, niseme ng'ombe wake wote walikuwepo, na Shakila aliwaandika wote. Wakinizomea, wanizomee. Yeye walimzomea bure.”