Chembe Moja Anayoitafuta Bi Khairat

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Micheweni. Mgonjwa wa kwanza hajaitwa, lakini Bi Khairat Haroub ameshainamia hadubini ya kituo cha afya, kidole kwenye mashine ndogo ya kuhesabia. Kila akiona chembe nyeupe ya damu, anabonyeza. Zikifika mia, mashine inalia kengele.

"Huyu salama," anasema, akichukua slaidi nyingine, kioo chenye damu ya mgonjwa wa jana. Kwa siku husoma hadi arobaini. Maabara nzima ina mtumishi mmoja, naye ndiye yeye.

Slaidi moja ya mwaka jana haimtoki moyoni. Ilikuwa ya Ummi.

Mama yake Khairat alifariki siku aliyomzaa. Jirani yao, Bi Siti, alikuwa na Ummi mchanga mapajani; akamchukua na Khairat, akawanyonyesha wote wawili. Leo wana miaka thelathini na minne, ni ndugu wa ziwa moja, na ole wake atakayesema vinginevyo mbele yao.

Ummi akawa haponi: kifua, ngozi, kifua tena. Khairat akamtoa damu mwenyewe. Katika chembe mia za mtu mwenye afya huona monositi tano au sita, zile kubwa zenye kiini kilichojikunja kama haragwe. Kwa Ummi hakuona hata moja.

"Nikasema labda nimeruka. Nikahesabu mara nne. Ile ya nne n'likuwa nalia, sioni kitu."

Ummi alipelekwa Dar es Salaam, na madaktari wakaeleza. Ndani ya uboho wa mifupa mna seli shina, zinazozaa chembe zote za damu. Zipo protini zinazoshika jeni za seli hizo na kuziwasha au kuzizima; kwa amri hiyo seli hubaki shina au hukua ikawa chembe nyeupe. Protini moja ya Ummi ina kasoro. Seli shina zinamwishia, na chembe nyeupe hazikui. Tiba ni kupandikizwa uboho, na hutafutwa kwanza kwa ndugu.

Khairat hakungoja kuulizwa. Alipanda boti kumfuata, na hospitalini akapandisha mkono wa baibui. "Mie dada yake," akamwambia daktari. Majibu yakaja: hawalingani kabisa.

"Ndipo nikakumbuka kuwa hatukutoka tumbo moja," anasema, akicheka kidogo. "Kazi yangu damu, na bado n'lisahau. N'litamani niwe mie. Hata leo natamani."

Aliyelingana ni Soud, mkulima wa Chokocho, kaka yake Ummi kwa baba na mama. Limebaki jibu moja: kama naye hakurithi kasoro ile ile. Hii ni wiki ya sita wanalisubiri.

Kila jioni Ummi hupiga simu kutoka wodini.

"Dada, leo umesoma wangapi?"

"Wengi."

"Na mie lini?"

"Zamu yako yaja, ndugu yangu."

Bi Khairat anavuta droo na kutoa slaidi safi iliyofungwa kwenye karatasi laini. Pembeni ameandika jina la Ummi kwa penseli.

"Akirudi, hata baibui hajavua, n'tamtoboa kidole," anasema. "Sitaki nyingi. Nataka niione moja tu."

Nafasi ya tarehe ameiacha wazi.