Kofia Iliyopakwa Gome

Meeta Kuuskla alianza kushona kofia za manyoya akiwa na miaka kumi na minne, katika karakana ya baba yake mjini Võru. Baba alikufa, Warusi wakaitaifisha karakana ikawa ushirika, lakini Meeta alibaki kwenye meza ile ile, karibu na dirisha lile lile. Hakuolewa. Watu walisema akipuliza manyoya mara moja tu, atakutajia kofia imetoka kwa nani.

Ndiyo maana, asubuhi moja ya Februari mwaka wa 1950, Luteni mmoja wa polisi wa usalama alimjia yeye.

Aliweka mezani kofia ya kijeshi ya kijivu, yenye masikio ya kukunja na manyoya ya kondoo ya kahawia.

"Imeokotwa msituni, ndani ya handaki. Mwenyewe katoroka. Nataka kujua imetoka wapi. Urusi, Ujerumani, Ufini, au hapa hapa?"

"Muulize, Ndugu Luteni," alisema Roosi, bibi mzee kuliko wote karakanani, bila kusimamisha cherehani. "Huyu hata akimwona chawa, atakwambia kazaliwa wilaya gani."

Luteni alicheka. Meeta hakuweza. Kofia ile aliishona mwenyewe, vuli iliyopita, kwa ajili ya Evald, mdogo wake aliyejificha msituni. Ikijulikana kwamba ni ya hapa, swali litakalofuata ni nyumba gani. Mwezi Machi uliopita alikuwa ameona mikokoteni ikipeleka stesheni, kwenda uhamishoni, familia za waasi wa msituni, watoto wamekaa juu ya mabunda.

Alipuliza manyoya, kwa kuwa ndivyo afanyavyo siku zote.

"Ya Wajerumani," alisema.

Luteni alilowesha leso kwa mate, akasugua manyoya, kisha akaikunjua leso mbele ya macho ya Meeta. Doa la kahawia.

"Mama yangu alipaka sufu rangi kwa gome la mti kama hili. Tangu lini viwanda vya Ujerumani vikachemsha magome?"

Kondoo wa Meeta alikuwa mweupe, na mtu anayejificha kwenye theluji angetaka nini zaidi ya weupe? Lakini Võru kofia nyeupe ya kondoo ni ya watoto wachanga. Mwanamume akiivaa huchekwa mpaka kanisani. Vuli ile mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sufuria ya magome, bila hata kuwaza.

"Nakusubiri, mama."

"Ni ya Wajerumani," alirudia Meeta, "na niliishona mimi."

Cherehani ya Roosi ilinyamaza.

"Mwaka wa arobaini na tatu walituletea kitambaa, wakatuamuru tuwashonee kofia. Rangi hawakuwa nayo, tukachemsha gome. Zilikuwa mia mbili. Walipokimbia walizitupa kila mahali. Aliyeiokota simjui."

Kuhusu zile mia mbili hakudanganya.

"Mlishona nani na nani?"

Meeta alimwona kwa pembe ya jicho Roosi, aliyeshona naye zile mia mbili.

"Baba na mimi. Baba amekufa."

"Kwa hiyo umebaki wewe."

"Nimebaki mimi."

Luteni alimsogezea karatasi. Meeta aliandika kwamba alilishonea kofia jeshi la adui, akatia sahihi. Wino ulidondoka mara mbili. Luteni aliipuliza karatasi ikauke, akaikunja, akachukua kofia.

"Usitoke mjini," alisema, akaenda zake.

Roosi alingoja nyayo zishuke ngazi. "Mwanangu, unajua umeandika nini?"

"Najua. Shona, shangazi."

"Ile kofia haina miaka saba. Hata mimi nimeona, na yeye ataona."

"Shona!"

Meeta alivuta ngozi nyingine, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Aliweka sindano chini akasikiliza. Chini ya dirisha, gari la Luteni lilikuwa bado halijawashwa.