Nusu ya Kuni

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa mtunza stoo wa kampasi ndogo ya chuo kikuu hapa Machakos, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupokea kuni za jikoni. Kuni hupimwa kwa mita zikiwa zimepangwa, na wauzaji wanajua sana kupanga hewa. Basi nilikuwa naingiza mkono katikati ya rundo. Ukizama hadi kiwiko, hapo hakuna kuni, na mimi hewa sinunui. Nilihesabu lori likiwa limejaa, nikahesabu tena mzigo ukiwa chini. Waliniita mama polisi. Sikukataa.

Mmoja tu hakuniuzia hewa: mama mzee wa Kathiani niliyemwita susu, kama Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Miti ya migrevilea aliyoipanda na marehemu mumewe ilisimama kwenye mteremko, juu ya chemchemi iliyonywesha boma lake.

"Ya juu chukua," aliniambia. "Ile mistari miwili ya chini ndiyo inashika udongo. Hiyo nitazikwa nikiiona."

Bado nilimbana. Nilijua bei ya kuni hupanda kiangazi, nikaandika mapatano: lori moja kila mwezi, bei ile ile, mpaka mwaka uishe. Akaweka kidole gumba. Nikarudi mjini nikijiona mjanja.

Miezi michache baadaye mhadhiri wa mazingira alikuja stoo akiwa na mchoro wa jiko. Alisema tunachoma mlima mzima kwa sababu ya muthokoi, na ni kweli. Mahindi yale yaliyotwangwa, pamoja na maharagwe, huchemka toka asubuhi. Akanieleza habari ya hewa ya ukaa. Nikamuuliza hiyo ni lori ngapi. Akacheka: "Wewe ndiye nilikuwa natafuta."

Majiko mapya yalijengwa kwa matofali, yenye bomba la moshi na mlango mdogo wa chuma. Mpishi mkuu alichutama mbele ya ule mlango akitafuta ndimi za moto.

"Sasa huu ni moto ama ni uvumi?"

"Funga mlango, wacha uvumi uchemshe," nikamwambia.

Nikapima kuni wiki nzima. Zilitumika nusu ya zile za zamani. Kwa kuwa siamini kitu kizuri mara ya kwanza, nikapima wiki ya pili. Nusu.

Jumamosi nikapanda Kathiani. "Susu, kuanzia sasa lori litakuja mwezi mmoja, mwezi mmoja linalala. Mistari ya chini haiguswi."

"Na ile karatasi?"

"Karatasi si niliandika mimi?"

Alinifungia maparachichi kwenye leso. Katika maisha yangu ya kupatana bei, hiyo ndiyo ahadi pekee niliyoitoa kabla ya kuuliza nitapewa nini.

Kwenye mkutano, mkuu wa kampasi alisoma hesabu yangu kwa furaha. Kisha akavua miwani. "Kama nusu inapika chakula chote, hiyo nusu nyingine inaweza kupika nini?"

Mmoja akasema wanafunzi waongezwe, vitanda vipo. Mwingine akasema mabwenini hakuna maji ya moto.

"Lakini tulijenga ili tupunguze," nikasema.

"Kwani hatujapunguza? Gawanya kwa kila mwanafunzi uone."

Nikagawanya. Nikagawanya tena. Alikuwa sawa, na lori lilikuwa lile lile. Mhadhiri aliangalia viatu vyake.

"Basi yule mama wa Kathiani aachiliwe," nikasema.

"Mapatano yanasema mpaka mwaka uishe," akajibu mkuu, akiinua karatasi. "Na mwandiko ni wako. Mzuri sana."

Nilitafuta muuzaji mwingine mpaka Katelembo. Waliobaki na miti walitaja bei ambayo mkuu hakuisoma hata mara moja. Miti ya juu ikaisha. Kisha mstari wa kwanza wa chini ukakatwa, na mvua ya kwanza ya vuli ikashuka na udongo wote, ikafukia chemchemi.

Lori la mwisho liliingia siku wageni kutoka Nairobi walipokuja kuangalia majiko yetu. Dereva aliambiwa ashushe nyuma ya bwalo ili picha zisiharibike. Susu alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva. Sikuwahi kumwona mjini.

Kuni zilikuwa mbichi, nzito, bado zinatoa maji kwenye mikato. Nikaingiza mkono. Vidole havikupita.

"Umepima?" akauliza.

"Nimepima, susu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Zimetimia?"

"Zimetimia."

Nilingoja anitukane. Ningejua la kujibu. Kutukanwa nimezoea tangu nikiuza nyanya sokoni. Yeye akamwambia dereva ashushe mitungi, ile ya plastiki ya lita ishirini. "Mwaitu," akaniambia, neno ambalo mtu humwita mamake, "nionyeshe bomba liko wapi."

Tukajaza wote wawili. Kule mbele wageni walipiga makofi.

Getini askari alisimamisha lori. Kila kinachotoka kampasi lazima kiandikwe na kitiwe sahihi na stoo.

"Mitungi mingapi ya maji, madam?"

"Sita."

"Umehesabu?"

"Panda uhesabu wewe," nikamwambia, nikaweka sahihi.