Vipele vya Korosho

Nilianza kubangua korosho kwa sababu ya vipele. Kabla ya hapo nilikuwa muuza vitumbua tu pale Nachingwea, karibu na soko, na vitumbua vyangu vilikuwa vikiisha kabla jua halijakaza. Mume wangu alikuwa amekufa. Watu wakasema kifua, nami nikasema kifua. Kisha mikono na miguu yangu ikaanza kutoka vipele vyeusi, vigumu, vinavyowasha mpaka nikawa najikuna kwa gunzi la mahindi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na kila mtu alishajua kuzisoma ngozi za wenzake. Mtu akishasomwa, chakula chake hakiliwi. Nilikuwa na watoto wawili na chuma kimoja cha vitumbua. Wateja wakikimbia, tungekula nini?

Sasa korosho, anayezijua atanielewa. Ukizikaanga kwenye karai lililotobolewa, ganda hutema mafuta yanayowaka, na yakikugusa ngozi inababuka, inakuwa nyeusi. Wanawake wengi wa huku wana mikono ya namna hiyo na hakuna anayewauliza. Basi msimu ulipoanza nikajiunga na wabanguaji, nikajipaka mikononi majivu ya kuzuia mafuta kama wao, na mtu akiniangalia mikono nasema, "Korosho hizo." Shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye kila asubuhi alikula kitumbua chake cha kwanza amesimama palepale kwangu, akanipa pole. Nikaipokea. Nje ya msimu nilisema ni makovu. Nimeishi miaka kwa pole hiyo.

Dawa za kurefusha maisha zilipofika, sikuthubutu kuzifuata Nachingwea. Nilipanda gari mpaka Ruangwa, ambako hakuna aliyenijua, na huko nikakuta nusu ya foleni ni watu wa Nachingwea waliokuja kujificha kama mimi. Tukaangalia ukutani sote. Nikaanza kumeza. Baada ya miezi kadhaa kuwashwa kukakoma, vipele vikanywea, ngozi ikaanza kurudi.

Nilifurahi jioni moja tu, kisha nikaogopa. Siku hizo watu walikuwa wamejifunza somo jipya: mwenye vipele akitakata ghafla, huyo anameza. Na korosho ndiyo kwanza zilikuwa zimeiva. Mbanguaji gani anatakata katikati ya msimu? Basi nikachukua kijiti, nikakichovya kwenye mafuta ya ganda, nikajidondoshea mkononi tone baada ya tone, huku nimeuma kanga. Ngozi ilikuwa imepona, mimi nikaichoma. Hasira niliyokuwa nayo sikujua nimpe nani.

Niliporudi Ruangwa kuchukua dawa, daktari, kijana mpole, akaufunua mkono wangu akashtuka.

"Mama, dawa zimekukataa. Inabidi tuzisimamishe."

"Hazijanikataa. Ni korosho."

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Kila mwenye vipele hapa ananiambia korosho. Juzi fundi cherehani naye kaniambia korosho."

Nilitaka kulia. Siku niliyosema kweli, kweli yenyewe ilikuwa imeshachakaa kwa kutumiwa na waongo, na mimi nikiwa mmoja wao. Naye alikuwa ameshashika kalamu. Nikamwekea mikono yote miwili mezani.

"Angalia wa kulia. Una kitu?"

"Hauna."

"Dawa zinaweza kunikataa mkono mmoja? Huu wa kushoto nimeuchoma mwenyewe, kwa kijiti. Angalia madoa yalivyopangana."

Aliyaangalia kwa muda. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, ili watu wale vitumbua vyangu. Hakucheka tena. Akanipa dawa zangu kwa sharti moja, nisirudi tena kwenye korosho. "Ngozi hiyo imehangaika vya kutosha, mama," alisema. Nikaahidi, na ahadi nikaitimiza, maana niliogopa asije akanisimamishia kweli.

Vidonda vikakauka. Mikono yangu ikatakata msimu haujaisha, ikawa mizuri kama ya zamani, na nikaanza kuuza nimekunja mikono ya blauzi kwa sababu ya joto la moto. Asubuhi moja shoga yangu akaja kama kawaida. Nilikuwa namnyooshea kitumbua cha moto. Hakukipokea upesi, alikuwa anaitazama mikono.

"Shoga, umeacha korosho?"

"Nimeacha."

"Umependeza," akasema, kisha akaniomba nimfungie kwenye gazeti, atakula nyumbani.

Miaka yote ile, nikiwa na vipele vyangu, alikula mbele yangu mafuta yakimtiririka mpaka kiwikoni. Nilimfungia. Nikamsindikiza kwa macho akivuka barabara kuelekea kwake, akapita nyuma ya jalala la soko. Alipotokeza upande wa pili, mikono yake ilikuwa mitupu.